Uzi mmoja, wapiga debe kumi

Kwa miaka sita nimewafundisha kidato cha sita kitu ambacho si kweli, na aliyenishika ni binti wa dawati la nyuma, yule ambaye kazi yake kwenye kipindi changu ni kutazama dirishani kama mlima umefunguka. Nilikuwa kwenye mada ya neva na misuli. Shuleni kwetu, kama shule nyingi hapa Moshi, tunaandika ubaoni kwa Kiingereza na kuelewana kwa Kiswahili. Kwa hiyo niliandika, nikageuka, nikaeleza: kiumbe mchanga huanza na neva nyingi kwenye misuli kuliko anazohitaji, zile za ziada zinakufa, zinabaki zinazotosha. Nikashika dasta.

"Mwalimu," akasema, "si umesema neva moja inashika nyuzi nyingi za msuli? Sasa ikifa, hizo nyuzi zake nyingine zinabaki na nani?"

Nikatoa lile jibu letu walimu tukibanwa: swali zuri, tutalirudia. Kengele ikaniokoa. Nilitoka darasani nikijua kwamba jibu sina, tena kwamba miaka yote sita sikuwahi kujiuliza.

Hiyo ilikuwa Novemba. Shule zilipofungwa nikapanda Kibosho kwa mama, ambako dada yangu alikuwa kwenye uzazi. Kwa wasio wa huku: mzazi kwetu hukaa miezi mitatu hagusi jembe wala ndoo, anakula mtori, anakunywa maziwa, na kazi yake ni mtoto tu. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Nilikuwa nimempakata nje ya jiko, mfuniko wa sufuria ukaanguka huko ndani. Mikono yake yote miwili ikafunguka kwa mpigo, vidole vimetanuka, halafu ikarudi kifuani polepole kama anamkumbatia mtu. Kisha kilio.

"Hujamfunga vizuri," mama akasema, akamchukua. "Ndiyo maana anajirusha."

Mama ana haki yake, ila nisije nikafundisha uongo wa pili: mshtuko ule unatoka kwenye shina la ubongo, na hupotea ubongo unapokomaa, kwa kawaida kabla ya miezi sita kupita. Hauhusiani na habari yangu. Lakini ulinifanya niitazame ile mikono na kujiuliza nani anaishika, na kwa kamba ngapi.

Nianze na mtu mzima. Seli ya neva inayouamrisha msuli inakaa ndani ya uti wa mgongo. Kutoka hapo inanyoosha mkono mmoja mrefu, aksoni, na kama msuli wenyewe uko kwenye wayo, mkono huo unaweza kukaribia mita moja. Ukifika kwenye msuli unagawanyika matawi, na kila tawi linatua kwenye uzi mmoja wa msuli, mahali pamoja tu, katikati hivi ya uzi huo. Ni mahali padogo. Ukivipanga viungio hivyo mstari mmoja, ishirini vinaenea ndani ya milimita moja. Neva haiugusi msuli hasa, kuna upenyo, na kwenye upenyo huo neva inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Msuli unaipokea kwa vipokezi vyake, unajikunja. Ndivyo unavyoinua kikombe.

Kwa mtu mzima, kila uzi wa msuli una aksoni moja. Moja, basi. Kinyume chake si hivyo: aksoni moja inashika nyuzi nyingi. Kwenye misuli inayozungusha jicho huenda zikawa kumi au pungufu, kwenye misuli ya nyuma ya mguu zinapita elfu.

Sasa mchukue panya aliyezaliwa leo. Uzi mmoja wa msuli wake umeshikwa na aksoni kama kumi, zote pale pale kwenye kile kiungio kidogo, zimechanganyikana kama vidole vya watu waliokula sinia moja. Baada ya wiki mbili hivi imebaki moja. Binadamu tunaanza mapema: sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika mtoto akiwa bado tumboni, na kwenye baadhi ya misuli inaendelea hadi wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo yule niliyempakata yawezekana alikuwa anamalizia.

Njia iliyotumika kuligundua hili kwa umeme inanifurahisha kuliko jambo lenyewe. Mwaka 1970 mtafiti aitwaye Redfern alifanya kazi na panya wachanga. Unachoma sindano nyembamba ya kupimia umeme ndani ya uzi mmoja wa msuli, unautuliza msuli kwa dawa ili usiruke ukaing'oa sindano, halafu unaipiga neva umeme kidogo kidogo, unaongeza. Kwa panya mkubwa unaona kitu kama swichi ya taa: hakuna, hakuna, hakuna, kisha ghafla jibu zima, na hata uongeze umeme kiasi gani jibu ni lile lile. Kwa mchanga unaona ngazi. Jibu dogo, ukiongeza linapanda daraja, ukiongeza tena linapanda tena. Kila daraja ni aksoni nyingine iliyoamka. Ukihesabu madaraja umewahesabu wenye kamba bila kumwona hata mmoja.

Kisha mwaka 1976 Brown, Jansen na Van Essen wakauchukua msuli mmoja wa mguu wa panya, wakafuatilia ngazi hiyo ikipungua siku kwa siku hadi kubaki daraja moja, na wakauliza swali la binti wangu: je, neva zinazoulisha msuli huu zimepungua? Hazikupungua. Zilizokuwepo mwanzo ndizo zilizokuwepo mwisho. Kilichopungua ni idadi ya nyuzi ambazo kila neva ilishika. Kila moja iliachia hapa, ikabaki pale, na pale ilipobaki ikatanuka na kujaa.

Kwa hiyo hakuna aliyekufa. Uongo wangu nilijua ulikotoka: kuna kifo cha kweli, ila ni cha mapema zaidi. Kiumbe akiwa bado anaumbika, seli nyingi za neva za misuli hufa kabisa. Viktor Hamburger alizihesabu kwenye kifaranga kikiwa ndani ya yai, na pungufu yake inakaribia nusu. Mimi nilizichukua hadithi mbili, nikazibandika moja, nikaipeleka darasani miaka sita.

Mama nilimweleza haya akiwa anang'oa maotea kwenye mibuni. Ana mkasi mzuri niliomnunulia mimi mwenyewe, haupendi, anatumia mkono na kisu cha jikoni. Alisikiliza, akakata, akasikiliza. "Basi ni kupogoa," akasema. "Ukiyaacha yote, mti unakula nguvu, hauzai."

Wanasayansi nao, kwa Kiingereza chao, wanasema hivyo hivyo: kupogoa. Siku ile nilikubali. Baadaye nikalikataa neno hilo, na bado nalikataa. Kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, kuna mama. Ana kisu, anajua tawi lipi la mwaka jana na lipi la mwaka juzi, anaacha anachotaka. Kwenye migomba ndiyo kabisa: anaacha mama, mtoto na mjukuu, mengine yote yanakwenda kwa ng'ombe. Kwenye msuli hakuna anayesimama nje akichagua. Mkataji na mkatwaji ni wao kwa wao.

Picha iliyonikaa niliipata stendi. Ilikuwa wiki ya Krismasi, nilishuka Moshi kumalizia vitu vya sikukuu na kumpokea shemeji anayetoka Arusha. Mtu aliyewahi kushuka basi Moshi wiki hiyo anajua. Mguu wa pili haujagusa chini, begi lina mikono sita. Marangu! Machame! Rombo, Rombo, ya mwisho hii! Shemeji alikuwa na begi moja la matairi, la bluu, na nililiona kwa macho yangu likipita mikononi mwa wapiga debe. Mmoja kashika mpini, mwingine mkanda, mwingine kazungusha mkono chini. Anayekaza kidogo anapata pa kushika vizuri zaidi. Mwenzake kidole kimoja kinateleza, na pale kilipotoka pameshashikwa. Kadiri mmoja anavyopata nafasi ndivyo mwingine anavyokosa, hadi wa mwisho anabaki na ncha ya mkanda, anaiachia kama vile hakuwa anaitaka. Begi likaondoka na mtu mmoja, shemeji nyuma yake anapiga kelele kwamba haendi Rombo.

Wale walioachia hawakufa. Waligeukia Coaster iliyokuwa inaingia, na huko mmoja wao alitoka na mabegi mawili.

Nadhani hiyo ndiyo habari yenyewe, na nisingeiandika kama isingekuwa imeonekana kwa macho. Jeff Lichtman na wenzake nchini Marekani waliwatumia panya ambao neva zao zinang'aa rangi, kwa protini ambazo asili yake ni konyeza wa baharini. Aksoni moja ya manjano, nyingine ya samawati, kwenye kiungio kimoja. Unamlaza panya usingizi, unaangalia kiungio kile kile, unamwamsha, kesho unarudi. Mwaka 2003 Walsh na Lichtman walionyesha kwamba samawati akiachia kipande, manjano anakikalia. Siku nyingine anakalia kingine. Na lililonishangaza ni kwamba mambo yanaweza kugeuka: aliyekuwa na eneo dogo anaanza kuongezeka, yule mkubwa anarudi nyuma.

Mwaka 2012 Turney na Lichtman wakaenda mbali zaidi. Wakatumia miale ya leza kumwondoa mmoja wa wale wawili, katikati ya mashindano. Aliyebaki akapakalia pote. Na si yule aliyekuwa anashinda tu: hata aksoni iliyokuwa imeshaanza kuondoka, imebakiza ncha ya mkanda, mpinzani alipoondolewa iligeuza, ikarudi, ikajaza kiungio kizima. Kwa hiyo haikuwa mbovu. Haikuwa imeandikiwa kushindwa tangu mwanzo. Ilikuwa imezidiwa pale, kwa wakati ule.

Inayoondoka kweli haiondoki safi. Inavimba nchani kama ngumi, inajivuta, na njiani inadondosha vipande vyake. Seli za Schwann, zile zinazoivika neva, zinavimeza. Hakuna takataka inayobaki. Laiti stendi yetu.

Wanashindana kwa nini, yaani kwa nguvu gani? Hapa inabidi tuwataje nyoka. Kila mwaka tunawapeleka wanafunzi Meserani, nje kidogo ya Arusha kwenye barabara ya Dodoma, kwenye bustani ya nyoka. Wanapiga picha na kupiga kelele, na mimi nasimama mbele ya kioo cha fira nikieleza kwamba sumu yake ina kemikali inayokwenda kukaa juu ya vile vipokezi vya asetilikolini na kuviziba. Neva inaita, msuli hausikii. Msuli wa kupumua nao hausikii, ndiyo maana mtu anakufa akiwa na akili zake timamu. Fira ana ndugu wa mbali huko Asia ambaye sumu yake inafanya hivyo hivyo kwa ustadi zaidi, inang'ang'ania haitoki, na maabara zinaipenda kwa sababu hiyo.

Mwaka 1994 Balice-Gordon na Lichtman waliitumia kuziba sehemu ndogo tu ya kiungio, kipande kimoja, wakaacha kwingine kunafanya kazi. Kile kipande kilichonyamazishwa kikapotea: vipokezi vikaondoka, na neva iliyokuwa juu yake ikaondoka. Unaweza kusema ni kawaida, kisichofanya kazi huondolewa. Lakini walipokiziba kiungio chote kwa pamoja, hakuna kilichoondoka. Hapo nilisimama jikoni kwa mama na simu mkononi, chai inapoa. Maana yake ukimya peke yake si kosa. Sehemu ile ilipotea kwa sababu jirani zake walikuwa bado wanazungumza na msuli unawajibu. Wote waliponyamaza, wote walibaki.

Na hili huenda linaeleza kwa nini mambo hayaanzi mapema. Kwenye uti wa mgongo wa panya aliyezaliwa sasa hivi, seli za neva za msuli mmoja zimeunganishwa kwa vitundu vidogo vya umeme, zinapiga kwa pamoja kama waitikiaji wa kwaya. Msuli hauwezi kumtofautisha aliyeimba na asiyeimba. Siku zinavyokwenda vitundu vinafungwa, kila mmoja anaanza kuimba kwa wakati wake, na hapo ndipo mmoja anaweza kusikika kuliko mwenzake.

Faida yake mtu anaiona kwenye vidole vya mama. Kama kila uzi una wenye kamba kumi, basi kila neva inashika nyuzi mara kumi ya zile itakazobaki nazo. Ukiita neva moja, fungu kubwa zima linaruka. Nguvu inakuja kwa mabunda. Nyuzi zikigawanywa, kila neva na zake chache, ubongo unaweza kuongeza nguvu kidogo kidogo, neva moja, kisha nyingine. Mama anashika tawi la mbuni lenye matunda mekundu na mabichi yamebanana, anatoa jekundu moja, mabichi mawili yaliyoligusa hayatikisiki. Nilijaribu. Niliangusha manne.

Mjomba alikuwepo siku hiyo, kaka yake mama, amekuja kumwona mtoto. Mjomba alipata polio utotoni, kabla hajaanza shule. Wanasema aliamka asubuhi mguu wa kulia haumfuati. Alibebwa mgongoni zaidi ya mwaka, halafu polepole mguu ukarudi, si wote, ila wa kutosha kutembea na fimbo na kulima. Nyumbani ilijulikana kama muujiza, na sina nia ya kumpunguzia Mungu. Ila polio huua zile seli za neva ndani ya uti wa mgongo, na seli hizo hazioti upya. Nyuzi za msuli zilizokuwa zake zinabaki yatima. Kinachotokea ni kwamba neva zilizonusurika zinatoa maotea, ndilo neno, zinachipua matawi mapya kutoka pale zilipo na kwenda kushika nyuzi za jirani aliyekufa. Neva moja inabeba mzigo wa kadhaa. Kule kuachia kote kwa utotoni kunageuzwa, zinaanza tena kushika.

Nilimweleza mjomba taratibu. Aliuangalia mguu wake.

"Kwa hiyo mguu huu unalelewa na majirani."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi ndiyo maana wamechoka." Akaeleza kwamba miaka ya karibuni kilima cha kwenda kanisani kinamshinda, alichokuwa anakipanda bila kupumzika. Daktari mmoja alimwambia ni uzee tu. Huenda uzee umo, lakini madaktari wanaijua pia hali inayowarudia watu wa polio baada ya miongo mingi: zile neva zilizobeba mzigo wa wengine zinaanza kushindwa kuyalisha matawi yake yote, na msuli uliokuwa umerudi unalegea tena. Nilimwambia aende kwa daktari mwingine, aanze kwa kutaja polio kabla hajataja umri. Akasema ataenda baada ya sikukuu. Alikwenda Februari. Wamempa mazoezi mepesi na fimbo ya pili, na amri ya kupumzika kabla ya kuchoka, jambo ambalo kwa mzee wa Kichagga ni kama kumwambia asivae kofia.

Januari niliingia darasani na kuanza na lile swali. Nilichora upya: uzi mmoja, mikono kumi, kisha mmoja. Nikasema hazifi, zinaachia, na nyuzi zake nyingine zinabaki na yeye yule yule. Binti akaandika, akarudi dirishani kwake.

Wale wa miaka mitano ya nyuma walikuwa bado wananiwasha. Nina kundi la WhatsApp la wahitimu wangu, ambako kwa kawaida panapita matangazo ya harusi na picha za Kilimanjaro zilizohaririwa kupita kiasi. Usiku ule niliandika ujumbe mrefu: nilikosea, neva hazifi wakati huo, soma hivi. Wengi wakaweka dole gumba. Mmoja, ambaye sasa anasomea udaktari, akajibu baada ya dakika mbili:

"Mwalimu, hilo swali lilikuja kwenye majaribio yako. Niliandika zinaachia, ukanikata mbili. Nazitaka."